Fenobabitoni na kifafa: maswali ya wagonjwa na wanaowauguza

Ukurasa huu ni wa watu walioandikiwa fenobabitoni kwa ajili ya kifafa, na wa mama, bibi, mume au kaka anayehakikisha kila usiku kwamba vidonge vimemezwa. Maswali yake ni yale yanayorudi kila siku ya kliniki, na mengi huulizwa mlangoni, mtu akiwa ameshaaga. Dozi ya mgonjwa wako ataipanga daktari au tabibu aliyemwona. Hapa tunaeleza dawa yenyewe, tabia zake, na mahali ambapo familia nyingi hukwama.

Fenobabitoni inafanya nini mwilini? Kwa nini watu wanaiita dawa ya usingizi?

Chembe za ubongo hupashana habari kwa umeme mdogo sana. Kifafa kinapopanda, kundi la chembe hizo huwaka kwa pamoja bila mpangilio. Mmoja ataanguka, akakakamaa na kutikisika; mwingine ataduwaa tu kwa sekunde chache, kijiko kikiwa mkononi, kisha akaendelea kula kama hakuna kilichotokea. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, inaitwa GABA. Fenobabitoni huiongezea nguvu kemikali hiyo, chembe zikawa haziwaki ovyo.

Utulivu huo haubagui. Unatuliza kifafa, unatuliza na kichwa kizima, ndiyo maana mtu husinzia. Zamani dawa hii ilitolewa kwa watu wasiopata usingizi, na jina likabaki. Kwa mgonjwa wa kifafa, usingizi ni athari ya pembeni. Lengo ni kuzuia asianguke. Na inazuia tu wakati imo mwilini. Haing'oi chanzo cha ugonjwa, kwa hiyo siku ikiisha mwilini, kinga nayo imeisha.

Mbona tunapewa dawa ya zamani hivi? Hakuna mpya?

Ni ya zamani kweli. Mwaka 1912 daktari kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliandika kwamba wagonjwa wake wa kifafa aliowapa dawa hii ili watulie walikuwa wanaanguka mara chache zaidi. Tangu hapo haijatoka kwenye matibabu ya kifafa, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwetu Afrika Mashariki ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, katika jamii ya Wapogoro. Alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto, wanaokula peke yao, wengine wakiishi kando na familia. Dawa aliyowapa kwa miaka mingi ilikuwa fenobabitoni. Baadaye, utafiti wa mlango kwa mlango uliofanywa na Dkt. Henry Rwiza na wenzake wilayani Ulanga, wilaya ilipo Mahenge, ukatolewa mwaka 1992, ulikuta watu kama 10 katika kila 1,000 wana kifafa. Hiyo ni idadi kubwa. Nakuru, Kenya, kulifanyika utafiti mwingine uliotolewa mwaka 1991: wagonjwa wakagawanywa, wengine fenobabitoni, wengine kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa. Miongoni mwa waliofuatiliwa mwaka mzima, zaidi kidogo ya nusu hawakuanguka hata mara moja katika miezi 6 ya mwisho, na dawa hizo mbili hazikupishana sana.

Mpya zipo: lamotrijini na levetirasetamu, kwa mfano. Hazilegezi mwili kiasi hicho, na kwa watu wengi ni chaguo bora, hasa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kama zinapatikana unapotibiwa na unaweza kuzimudu mwaka hadi mwaka, uliza. Ila dawa nzuri inayopatikana mwezi mmoja na kukosekana miezi miwili haimsaidii mtu. Fenobabitoni ni nafuu, inamezwa mara moja kwa siku, na hufika mpaka vituo vya vijijini. Kwa mgonjwa anayekaa mbali na mji, hilo ni jambo kubwa.

Mwanangu ameanza dawa wiki hii. Analala mpaka darasani, akiamka ni kama amelewa. Nimwachishe?

Hapana, mama. Usimwachishe mwenyewe. Swali hili ndilo tunaloliomba watu walisome mara mbili, maana hapa ndipo matibabu mengi yanapovunjika.

Fenobabitoni huingia mwilini polepole na hutoka polepole zaidi. Kwa mtu mzima huchukua siku 3 hadi 4 kiasi cha dawa kilichomo mwilini kupungua nusu. Kwa sababu hiyo, kila kidonge kinakuta mabaki ya jana na juzi, na kiwango kinaendelea kupanda kwa wiki 2 hadi 3 kabla ya kutulia. Ubongo nao unahitaji muda kuizoea. Kwa hiyo wiki za mwanzo ndizo nzito: kichwa kizito, miguu inalegea, mtoto anajibu baada ya kuitwa mara tatu. Wengi hali hiyo huwaishia kadiri wiki zinavyosonga, dozi ikiwa ile ile.

Kinachotokea nyumbani ni hiki. Siku ya nne bibi anasema, "Mnamuua mtoto kwa dawa za hospitali." Vidonge vinawekwa juu ya kabati. Mtoto anachangamka, kila mtu anafurahi. Kisha dawa inapotoka mwilini, kifafa kinarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na watu wanasema dawa imemharibu. Kilichomwangusha ni dawa kukatizwa ghafla.

Fanya hivi. Mpe dozi yake usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala, ili uzito mkubwa uangukie usiku. Mweleze mwalimu kwamba kwa wiki kadhaa mtoto atasinzia, asichapwe kwa hilo. Asipande mti, asitumwe kisimani peke yake, asiendeshe baiskeli barabarani. Andika kwenye daftari anavyolala na anavyoamka. Kama baada ya wiki 3 au 4 bado amelegea kiasi hawezi kusoma wala kucheza, rudi kliniki: dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa, na hiyo ni haki yake. Mtoto asiyeanguka lakini aliyezubaa mwaka mzima hajatibiwa vizuri.

Kuna usingizi mmoja wa kutosubiri hata saa moja. Akiwa haamki hata ukimtikisa, anapumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, au anapepesuka kama mlevi na maneno hayaeleweki, kimbia hospitali na ubebe bahasha ya dawa. Huenda amemeza nyingi mno.

Daktari ameandika miligramu. Mimi nahesabu vidonge. Nitajuaje sijakosea?

Swali zuri kuliko wengi wanavyodhani. Vidonge vya fenobabitoni vinavyoonekana sana ni vya miligramu 30 na vya miligramu 100, na kwa macho vinaweza kufanana: vidogo, vya mviringo, vyeupe. Mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 60 kwa siku, yaani vidonge 2 vya 30. Sasa tuseme kituo kimeishiwa, unapelekwa duka la dawa, unapewa vya 100. Kwenye bahasha ya zamani pameandikwa "2 × 1 usiku". Ukifuata maandishi hayo, utameza miligramu 200 badala ya 60, na asubuhi nyumba nzima itakuwa inakuamsha.

Kwa hiyo usikariri "viwili usiku". Kariri miligramu. Kila unapopokea dawa, kabla hujaondoka dirishani, muulize mfamasia: "Hiki kimoja ni miligramu ngapi?" Mwombe aandike kwenye bahasha. Bahasha ya zamani uitupe, usihamishie vidonge vipya humo.

Dozi ya mtoto hutegemea uzito wake, ndiyo maana anapimwa kwenye mizani kila anapokuja. Mtoto aliyeongezeka kilo 5 tangu mwaka jana na bado anameza dozi ile ile anaweza kuanza kuanguka tena bila kosa la mtu yeyote. Kidonge cha mtoto mdogo kinaweza kusagwa kati ya vijiko viwili na kuchanganywa na uji, lakini uji kidogo tu, wa vijiko viwili vitatu. Ukichanganya kwenye bakuli zima akaacha nusu, ameacha nusu ya dawa.

Akisahau kumeza je? Akitapika?

Akikumbuka siku hiyo hiyo, ameze. Akikumbuka kesho wakati wa dozi nyingine umefika, ameze ya kesho tu, asifidie kwa kumeza mara mbili. Kwa sababu dawa hii hukaa mwilini siku nyingi, kusahau usiku mmoja kwa kawaida hakuleti balaa. Kusahau usiku tatu nne mfululizo kunaleta. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza na ukakiona kidonge, rudia. Kama hukukiona, usirudie. Subiri dozi ijayo.

Dawa imeniishia na kituo cha afya hakina. Nifanye nini?

Kwanza ujue ni dharura, hata kama leo unajisikia mzima. Mtu aliyezoea fenobabitoni akiikosa ghafla, ubongo uliokuwa umetulizwa huamka kwa fujo. Anaweza kuanguka mfululizo, kifafa kikipokezana na kifafa kingine bila fahamu kurudi katikati. Hali hiyo inaua, na inaweza kumwacha na ulemavu aliyepona.

Sababu moja ya dawa hii kukosekana ni kwamba iko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Kuiingiza nchini kunahitaji vibali, na kuiuza kunahitaji cheti cha daktari. Sheria hizo zina sababu yake, kwa kuwa dawa hutumiwa vibaya. Lakini anayelipa gharama ya kibali kilichochelewa ni mgonjwa wa kijijini, na viongozi wa afya wanapaswa kuliona hilo kwa uzito wake.

Wewe kwa upande wako, usisubiri kidonge cha mwisho. Vikibaki vya siku 10, anza kufuatilia. Weka cheti chako, au picha yake kwenye simu, ili hospitali ya wilaya au duka la dawa la mjini waweze kukuhudumia. Kwenye hospitali nyingi za wilaya Tanzania kifafa hutibiwa katika kliniki ya afya ya akili, kwa hiyo ulizia hapo hata kama jina halikupendezi. Ikiwa kweli haipatikani, muone daktari akubadilishie kwa mpango kabla haijaisha. Kupunguza mwenyewe, kidonge kimoja leo na nusu kesho ili vifike mwisho wa mwezi, ni kukatiza dawa kwa njia nyingine. Na usiazime za jirani bila kujua miligramu zake.

Mtoto wangu hasinzii kabisa. Amekuwa mkorofi, anapiga wenzake, hatulii. Ni dawa au ni tabia?

Inaweza kabisa kuwa dawa. Kwa baadhi ya watoto fenobabitoni hufanya kinyume: badala ya kuwatuliza inawachemsha. Hawatulii kitini, hasira ziko karibu, usiku usingizi ni wa shida. Wazazi wengi huwachapa kabla hawajawaza dawa. Msichape. Andika kilianza lini ukilinganisha na siku dawa ilipoanza, kisha upeleke habari hiyo kliniki. Hii ni sababu halali ya kubadilishiwa dawa, na daktari makini hatakubishia.

Ni dalili gani nisizipuuze?

Upele katika wiki za mwanzo, hasa ukiambatana na homa, malengelenge, macho mekundu au vidonda mdomoni na sehemu za siri. Huo ni mzio mkali wa ngozi na unaweza kuua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usipake dawa ya kienyeji wala krimu. Ukithibitika, mgonjwa hatarudi tena kwenye fenobabitoni, na kwenye kadi yake paandikwe hivyo kwa herufi kubwa, maana kabamazepini na fenitoini, ambayo pia ni dawa ya kifafa, nazo zinaweza kumletea mzio huo huo.

Macho kuwa ya manjano na mkojo kuwa mweusi ni nyingine. Huzuni nzito au mawazo ya kujiua, nyingine tena. Hili la mwisho watu huona aibu kulisema, lakini dawa za kifafa zinaweza kulichochea na ugonjwa wenyewe humchosha mtu moyo. Kwa watumiaji wa miaka mingi, mifupa inaweza kudhoofika kwa kupungukiwa vitamini D, na damu ikapungua kwa kukosa foliki asidi, vitamini inayosaidia kutengeneza damu. Jua la asubuhi, mboga za majani, maharage na dagaa husaidia, na daktari anaweza kuongeza vidonge.

Akianguka, tumpe kidonge cha fenobabitoni pale pale?

Hapana. Usiweke kitu chochote mdomoni mwa mtu anayetikisika: si kidonge, si maji, si kijiko, si kidole chako. Kidonge cha fenobabitoni ni cha kuzuia kesho. Leo hakitamfikia kwa wakati, na kinaweza kumpalia.

Angalia saa. Ondoa moto, jiwe, kisu, meza yenye ncha. Weka kanga au shati lililokunjwa chini ya kichwa, legeza shingo ya nguo. Mikono na miguu usiishikilie kwa nguvu, utamvunja. Akiacha kutikisika, mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Kaa naye mpaka ajue yuko wapi. Kunusisha soksi, kiatu, kitunguu au njiti ya kiberiti iliyozimwa hakufupishi kifafa. Vifafa vingi huacha vyenyewe ndani ya dakika 2 au 3, na kiatu kinapewa sifa isiyo yake.

Ikipita dakika 5 bado anatikisika, au akianguka tena kabla fahamu hazijarudi, ni hospitali, kwa usafiri wowote uliopo. Vivyo hivyo kama ni mjamzito, ameangukia majini, ameumia kichwa, au ni mara yake ya kwanza maishani. Huko atapewa diazepamu au dawa nyingine ya haraka. Familia nyingine hufundishwa kumpa mtoto diazepamu kwa njia ya haja kubwa nyumbani. Diazepamu ni ya kuzima moto. Isigeuzwe ya kila siku.

Madaktari huogopa kurundika fenobabitoni na diazepamu kwa pamoja, na wasiwasi huo una ushahidi wa karibu na sisi. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, watoto 340 waliolazwa na malaria ya ubongo walishirikishwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2000. Nusu walichomwa sindano moja ya fenobabitoni, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, ili wasitikisike. Degedege lilipungua kweli. Lakini katika kundi la fenobabitoni walikufa 30, na katika kundi jingine 14. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliokuwa wamepewa pia diazepamu mara 3 au zaidi, maana dawa zote mbili huzubaisha sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Ndiyo sababu muuguzi atakuuliza, "Amepewa nini njiani?" Mjibu ukweli wote, pamoja na ulichopewa na mganga.

Mwanangu hupata degedege akipanda homa. Aanze fenobabitoni?

Kwa kawaida hapana. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anayepata degedege fupi akiwa na homa, kisha akarudi kuwa mzima, wengi wao huliacha akikua. Kumlegeza kila siku kwa miaka ili kuzuia jambo hilo ni gharama kubwa kuliko faida. Kinachotakiwa ni kupimwa malaria na magonjwa mengine haraka. Degedege refu, la upande mmoja wa mwili, au lisilo na homa, ni habari nyingine, mpeleke akachunguzwe.

Ninatumia dawa na ninataka mtoto. Au: tayari nina mimba.

Dada, ukiweza, njoo kabla ya mimba. Fenobabitoni huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro za moyo au mdomo uliopasuka, na dozi kubwa ina hatari zaidi. Hata hivyo wanawake wengi wanaoitumia huzaa watoto wazima. Sodiamu valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ni hatari zaidi: kama mtoto 1 kati ya 10 waliokutana nayo tumboni huzaliwa na kasoro, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida za ukuaji wa akili. Isitolewe kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba pale ambapo kuna njia nyingine. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo zinazopendelewa.

Kama mimba imeshaingia, usiache dawa ghafla kwa hofu. Kifafa kikali kinaweza kukunyima pumzi, na mtoto naye akaikosa. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo. Utapewa foliki asidi, mara nyingi ya miligramu 5, utaangaliwa kwa karibu, na mtoto akizaliwa atachomwa vitamini K kwa sababu dawa hii huweza kumfanya avuje damu kirahisi. Mwambie mkunga mapema, usingoje siku ya uchungu.

Kunyonyesha unaweza. Mwangalie mtoto: akilala mno, akikosa nguvu ya kunyonya, au uzito usipopanda, mrudishe.

Na uzazi wa mpango?

Fenobabitoni huliamsha ini lifanye kazi kwa kasi, nalo likaisaga homoni ya vidonge vya majira kabla haijafanya kazi. Kuna wanawake wameshika mimba wakimeza kila siku bila kukosa, wakalaumiwa nyumbani kwa uzembe ambao haukuwa wao. Vijiti vya mkononi navyo vinaweza kupungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba havidhuriki na dawa hii.

Inagombana na dawa nyingine?

Na nyingi, kwa sababu ile ile ya ini. Iliyo muhimu zaidi kwetu ni dolutegraviri, iliyomo katika kidonge cha kila siku cha wengi wanaoishi na VVU: fenobabitoni inaweza kuishusha mwilini, virusi vikapata nafasi. Kama unahudhuria kliniki mbili, ya VVU na ya kifafa, kila moja lazima iijue nyingine. Levetirasetamu haina ugomvi huo. Dawa ya mseto ya malaria, prazikwanteli ya kichocho na warfarini ya kuzuia damu kuganda nazo huweza kupungua nguvu. Onyesha bahasha zako zote.

Pombe usiguse. Pombe na fenobabitoni pamoja zinaweza kuzima pumzi usingizini, na kesho yake uchovu wa pombe unaleta kifafa.

Ninaweza kufunga Ramadhani?

Kati ya dawa za kifafa, hii ni mojawapo ya zinazokubaliana na saumu, kwa kuwa humezwa mara moja kwa siku na hukaa mwilini muda mrefu. Unaweza kuimeza usiku baada ya futari. Tatizo kubwa huwa ni kukesha: tarawehe, kisha mazungumzo ya baraza, kisha daku, na usingizi wa saa 3. Kukosa usingizi ni mchochezi mkubwa wa kifafa. Zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kama bado unaanguka mara kwa mara au unameza dawa mara mbili tatu kwa siku, ugonjwa ni udhuru, na sheria ya dini imeuweka wazi.

Wanasema mapovu yanaambukiza, na kwamba ni mashetani. Niende kwa mganga?

Kifafa hakiambukizi kwa mapovu, mate, mkojo wala hewa aliyoitoa anapoanguka. Imani hii inaumiza kuliko ugonjwa wenyewe: mtu anaangukia jikoni, mkono uko motoni, na waliopo wanarudi nyuma kwa sababu ana povu. Mguse. Mvute kutoka motoni. Hutapata chochote.

Vyanzo vinavyojulikana ni kuumia kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, na urithi kwa baadhi ya watu. Wanakofuga nguruwe wasiofungiwa na vyoo ni vichache, mayai ya minyoo ya tegu ya nguruwe huingia mdomoni kwa uchafu, yakaishia ubongoni kama vifuko. Hata asiyekula nguruwe anaweza kuyapata. Mahenge, usubi unaoeneza minyoo ya onkosaka umehusishwa na kifafa cha watoto, kikiwemo kile ambacho kichwa huinama-inama kama cha mtu anayesinzia.

Ukitaka dua, dua ifanyike, na vidonge vimezwe. Atakayekuambia uache vidonge ili dawa yake ifanye kazi, huyo mwogope.

Nina miaka miwili sijaanguka. Nimepona?

Hongera, na sasa ndio wakati wa kuzungumza na daktari. Miaka 2 au zaidi bila kuanguka ndipo watu wengi hufikiriwa kupunguziwa. Neno ni kupunguza: kidogo kidogo, kwa miezi kadhaa, si kwa wiki. Wengine kifafa hakirudi. Wengine kinarudi, na hao hurudishwa kwenye dozi yao bila kulaumiwa. Kazi yako inahesabika katika uamuzi huo. Mvuvi, dereva wa bodaboda na mkwezi wa minazi wana cha kupoteza kikubwa zaidi mara moja ikitokea, na mtu ambaye bado anaanguka hapaswi kuendesha chombo wala kuingia majini peke yake.

Nameza bila kukosa na bado naanguka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Wanaobaki wanahitaji uchunguzi zaidi. Kabla ya kuhukumu dawa, dozi huongezwa hatua kwa hatua. Kwa mtu mzima mara nyingi huishia kati ya miligramu 60 na 180 kwa siku. Ikishindikana, huongezwa au hubadilishwa dawa, ya mwanzo ikitolewa taratibu wakati mpya inaingia. Kuna pia aina za kuanguka ambazo si kifafa, na hizo haziwezi kusikia dawa ya kifafa hata ikiongezwa vipi. Omba rufaa. Huna sababu ya kuzoea kuanguka, maana kila kifafa kikubwa kina hatari yake, na kila mwaka kama mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa hufariki ghafla, mara nyingi usingizini.

Nije kliniki na nini?

Bahasha za dawa zote, vidonge vilivyobaki vikiwa ndani, ili vihesabiwe. Mtu aliyewahi kukuona ukianguka, kwa sababu wewe mwenyewe hukumbuki. Kama kuna simu yenye kamera, video ya sekunde 30 ya tukio inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Na daftari, hata la kurasa 40 la mtoto wa shule: tarehe, saa, ilichukua dakika ngapi, ulikuwa umelala vipi usiku wake, ulikosa dozi au hukukosa. Wasiojua kuandika huchora mstari mmoja kwa kila kuanguka kwenye kalenda ya ukutani, na kalenda hiyo tunaipokea vizuri tu.